Defender ya Ujerumani kwenye barabara ya Moshi: uzoefu wangu wa kubadilisha taa za mbele

Nianze na ninachokiamini, ili mwenye haraka asipoteze muda: kama gari lako lilitengenezwa kwa ajili ya nchi inayoendesha upande wa kulia, kuinamisha taa kwa bisibisi hakutoshi. Badilisha taa zenyewe. Mimi nimebadilisha za Land Rover Defender 110 yangu, na sasa usiku kati ya uwanja wa ndege wa KIA na Moshi naona vitu ambavyo zamani nilikuwa navipita bila kujua kama vipo.

Kazi yangu ni kupokea wapanda mlima uwanja wa ndege na kuwapeleka Moshi mjini, Marangu au Machame. Ndege nyingi ninazozisubiri hutua usiku, kwa hiyo taa kwangu ni kifaa cha kazi kama usukani. Gari nilinunua kwa wasafiri waliotoka nalo Ujerumani kwa barabara, safari yao ikaishia Arusha. Usukani uko kushoto, injini nzima, bodi haina kutu. Taa zilikuwa na vioo safi na zilikuwa zinawaka vizuri tu. Ukiliangalia mchana uwanjani huwezi kuona kasoro yoyote.

Kasoro inaonekana giza likishaingia. Niko kwenye dimu, yaani taa za chini, halafu kila anayekuja mbele ananipigia fulu, zile taa kali za juu. Mabasi, malori ya saruji, hata vijana wa bodaboda. Nikiwajibu kwa kuwasha fulu kidogo waone kwamba nilikuwa kwenye dimu, wanakasirika zaidi. Na kushoto kwangu, pale kando ya lami wanapotembea watu wanaotoka minadani, akina mama wenye ndoo kichwani, wasukuma mikokoteni, kulikuwa na giza. Pale Boma Ng'ombe watu hutembea kando ya lami mpaka usiku mwingi. Mwanga wangu ulikuwa unawaingia machoni wanaokuja, na wanaotembea upande wangu nilikuwa siwaoni mpaka niwafikie.

Sababu yake ni hii. Dimu haimuliki sawasawa pande zote. Huko Ulaya tangu 1957 taa za dimu zimetengenezwa kwa namna ambayo upande wa anayekuja mwanga unakatwa chini, ukingo wake umelala sawa, na upande wa pembeni mwa barabara ukingo huo unapanda kwa nyuzi kama 15 ili uone alama na watembea kwa miguu. Ujerumani, ambako watu huendesha kulia, mwinuko huo uko kulia. Lete taa hiyo Tanzania, mwinuko unabaki kulia, na kulia kwetu ndiko anakotoka mwenzako. Tanganyika iliangukia mikononi mwa Mwingereza ndiyo maana tuko kushoto pamoja na Kenya na Uganda. Rwanda na Burundi ziliangukia kwa Mbelgiji, nazo ziko kulia mpaka leo. Kwa hiyo mtu wa Arusha anayesafiri kwenda Kigali anakutana na jambo hili hili kinyumenyume, na nitalirudia hapo chini kwa sababu nami huenda huko.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, hapa hapa Moshi, alinisikiliza nusu, akafungua boneti, akakaza skrubu za juu mpaka mwanga ukainama. Akaniambia tayari. Ni kweli, kupigiwa fulu kulipungua. Lakini nilikuwa namulika ardhi iliyo karibu na bampa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 hivi kila sekunde, na mimi nilikuwa nakiona kitu kikiwa kimeshafika. Na ule mwinuko bado ulikuwa kulia, umeshushwa tu. Gari likipanda tuta dogo, anayekuja anaupata wote machoni. Sina neno baya juu ya bidii yake, ila kazi hiyo haikutibu kitu, na naona magereji mengi yanaishia hapo hapo.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, Unga Limited, Arusha. Nilimwamkia, nikamweleza, na kabla hajagusa chombo chochote alichukua kitambaa akafuta kioo cha taa, akainama kusoma.

"Mwanangu, njoo uone," akaniambia. "Taa hii haina mshale."

Hili ni somo nililolipenda kuliko yote, na kila mwenye gari anaweza kulifanya leo bila kulipa senti. Kwenye kioo cha taa iliyotengenezwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kuna duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha. E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Karibu na hapo kuna herufi kama HCR, maana yake taa ya halojeni yenye dimu na fulu. Sasa tafuta mshale. Simama mbele ya gari ukiitazama taa: ukiona mshale mmoja unaoelekea kulia kwako, taa hiyo ni ya nchi za kushoto kama kwetu. Usipouona mshale, ni ya nchi za kulia. Ukiona mshale wenye ncha mbili, taa inaweza kutumika pande zote mbili, na mara nyingi nyuma yake kuna kiswichi au kiwiko kidogo cha kuigeuza. Zangu zilikuwa na E1 na HCR, mshale hakuna.

Nikamuuliza kama tunaweza kubadilisha globu tu. Hapana. Globu ya H4, ile ya wati 60 za fulu na 55 za dimu, ni ile ile kwa nchi zote. Ndani yake kuna kijikinga cha chuma chini ya waya wa dimu, nacho ndicho kinachokata mwanga. Kinachotofautisha ni jinsi rifleta, lile bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele, inavyoishika globu na jinsi kioo kilivyochongwa. Kwa hiyo taa nzima inatoka. Kwa Defender hilo si balaa, maana taa zake ni zile za duara za inchi 7, saizi inayoingia pia kwenye Land Cruiser nyingi za zamani. Mwenye gari la kisasa lenye taa iliyofinyangwa kufuata bampa atalipa pesa nyingi kuliko mimi, na huyo namshauri aanze kwa kutafuta kile kiwiko cha kugeuzia kabla ya kununua chochote.

Dukani walinionyesha kwanza taa za LED za duara. Zinapendeza, na ukizunguka Arusha utaziona kwenye magari mengi ya watalii. Nilizigeuza kutafuta duara la E. Hakuna duara, hakuna mshale, hakuna chochote. Nikazirudisha. Pia walitaka kuniuzia globu za LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni, na hilo naomba watu waliache kabisa: rifleta ilichongwa kwa ajili ya waya mdogo ulio mahali pamoja hasa, ukiweka chanzo cha mwanga chenye umbo jingine mwanga unatawanyika kila upande, na anayekuja ndiye anayeumia. Nilichukua jozi ya taa za kioo zenye E11 na mshale kuelekea kulia. Zilisubiriwa kutoka Dar, na kusubiri huko kuliniudhi kwa sababu wageni walikuwa wanafika. Bei ilikuwa shilingi 190,000 kwa jozi, na ufundi 50,000.

Kuzifunga ni kazi ndogo. Fremu ya plastiki inatoka, pete inalegezwa, soketi inachomolewa. Kuzipanga ndiko kulikochukua jioni nzima, na hapo ndipo nilipoona thamani ya mzee huyu. Alipima upepo wa matairi yote. Akaniuliza huwa nabeba nini, nikamwambia mabegi ya wageni nyuma, akaenda kuweka magunia mawili ya mchanga kwenye buti, kwa sababu mzigo wa nyuma unanyanyua pua ya gari na taa nazo zinapanda. Akaniketisha kwenye kiti cha dereva. Gari likasimama kwenye sakafu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiutazama ukuta sawasawa.

Kisha akapima kutoka chini hadi katikati ya taa, ikawa karibu mita moja, akachora mstari wa chaki ukutani kwa urefu huo huo. Chini ya mstari huo akachora mwingine, sentimita 15 chini. Kwa gari dogo, alisema, sentimita 10 kwa mita 10 zinatosha, yaani asilimia 1. Gari lililoinuka linahitaji kushuka zaidi, asilimia 1.5. Ukifanya hesabu, taa iliyo mita moja juu ikishuka hivyo, ukingo wa mwanga unagusa lami umbali wa mita 66 hivi. Huo ni umbali wa maana kwa dimu, na macho ya mwenye gari dogo anayekuja hayaguswi.

Alifunika taa moja kwa gunia, akaipanga nyingine, halafu akabadilishana. Skrubu moja inapandisha na kushusha, nyingine inapeleka kushoto na kulia. Ile kona ambapo mstari uliolala unaanza kupanda aliiweka mbele kabisa ya taa husika, si kati ya gari. Jua lilipokwisha nikaona kwa macho yangu: ukutani mstari umelala upande wa kulia, na kuanzia katikati unapanda kwenda kushoto.

Kuna jambo moja ambalo sikulitarajia. Mwanga ulikuwa umekaa mahali pake lakini umefifia. Mzee akachukua mita, akapima betri injini ikiwa inaunguruma: volti 14.1. Akapima kwenye soketi ya taa: 12.4. Kwenye Defender za zamani umeme wote wa taa unapitia kwenye swichi ya usukani, nyaya ni ndefu na nyembamba, na njiani unapotea. Globu ya halojeni haisamehi. Volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua kama asilimia 30. Akanifungia rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme) karibu na betri, nyaya nene na fyuzi zake, swichi ya usukani ikabaki na kazi ya kuziamuru tu. Akapima tena, 13.8. Hilo liliniongezea shilingi 70,000, na kama bajeti yako ni ndogo na una Defender, afadhali uanze na rilei kuliko kununua globu za wati 100 zitakazoyeyusha soketi.

Matokeo barabarani: sipigiwi fulu tena, isipokuwa na wale wanaompigia kila mtu. Kutoka njia panda ya KIA kuja Boma Ng'ombe naona nyayo za watu kushoto kabla sijawafikia, naona tela la trekta lisilo na taa wala kiakisi, naona ng'ombe waliolala kando ya lami. Usukani bado uko kushoto, kuyapita malori bado kunahitaji mwenzako wa kiti cha pili akuangalilie, na hilo taa haziliondoi.

Malalamiko yangu kwa mzee ni mawili. Hana sehemu iliyofunikwa, kwa hiyo lazima uende jioni na mvua ikinyesha unarudi na gari lako kama lilivyo. Na hatoi risiti mpaka umkumbushe, jambo linalonisumbua kwa sababu gari ni la biashara.

Sasa Kigali. Njia yetu ni Babati, Singida, Nzega, Kahama, hadi Rusumo, na ukishavuka mto Kagera unahamia kulia. Hapo taa zangu mpya ndizo zinazowaumiza watu. Sibadilishi taa kwa safari ya siku chache. Wale wasafiri waliniachia kwenye droo ya dashibodi pakiti ya stika nyeusi za taa, na karatasi yake ina mchoro wa nchi za kushoto na wa nchi za kulia. Zinabandikwa kwenye kioo zikifunika ile sehemu inayotengeneza mwinuko, ukingo unabaki umelala. Unapoteza mwanga kidogo, kwa hiyo punguza mwendo. Bandika kioo kikiwa safi, kikavu na kimepoa, na ufanye hivyo upande wa Tanzania kungali mchana, maana kutafuta alama za mchoro kwa tochi ni adha. Ukirudi, washa taa dakika chache kioo kipate moto kidogo, stika zinatoka bila kuacha gundi. Mwenye taa za plastiki asiziache muda mrefu, joto linaweza kuharibu lenzi.

Wenye Noah, Prado na IST kutoka Japani hamna haja ya yote haya kwa matumizi ya hapa, kwa sababu Japani nao huendesha kushoto na taa zao zinamulika upande wetu. Ninyi fanyeni lile zoezi la ukuta tu, hasa kama gari liliwahi kugongwa mbele au limenyanyuliwa springi. Lakini anayenunua gari lililotoka Ujerumani, Ubelgiji au Dubai, afute kioo cha taa na kutafuta mshale kabla hajaelewana bei, na gharama ya taa aitoe kwenye bei ya muuzaji.