Semina ya bahari ya barafu: nendeni baada ya adhuhuri (uzoefu wangu)

Nyota moja kwa kipindi cha asubuhi, na sababu ni lile tangi la kioo.

Semina ilikuwa ya siku moja, hapa mjini Unguja, juu ya maji yanavyochanganyika chini ya barafu inayoelea ncha ya kaskazini. Mwalimu kajaza tangi maji ya chumvi, katia bonge la barafu ya samaki, kadondosha rangi nyekundu ya chakula, akatangaza: "Mnaona chumvi inavyozama!" Hakuna kilichozama. Rangi ilitanda juu kama samli kwenye mchuzi. Na lazima itande: ile ni barafu ya maji ya mfereji, ikiyeyuka inatoa maji matamu, mepesi, yanayofunika ya chumvi yasichanganyike. Hayo ni mambo ya majira ya joto ya huko. Yeye alikuwa anaeleza bahari inapoganda, barafu inapoitema chumvi ikazama!

Bi mkubwa mmoja akamuuliza kwa adabu, "Mwalimu, hii si barafu ya maji matamu?" Jibu: "Nyinyi watu wa joto barafu mnaijulia kwenye juisi tu." Mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, mbele za watu.

Na kulionyesha jambo lenyewe hakutaki hata freza kubwa. Chumvi gramu 35 kwa lita, maji yapoe kwanza mpaka nyuzi 0. Hapa msiruke: maji matamu ni mazito zaidi kwenye nyuzi 4, lakini ya bahari yanazidi uzito mpaka yanaganda, kwenye -1.8 hivi. Ukianza na ya vuguvugu utaona baridi inazama, ukadhani chumvi. Funga ubavu wa tangi kwa sponji, maana joto letu nalo linakoroga. Kisha elesha juu sufuria nyembamba ya alumini yenye barafu iliyopondwa sehemu tatu na chumvi moja. Barafu itajijenga chini ya sufuria. Tia rangi pale kwa bomba la sindano, michirizi myembamba itateremka. Hiyo ndiyo chumvi inayotemwa.

Haya. Baada ya chakula (pilau baridi, tuliache) mwalimu yule yule alinifunga mdomo. Alitandaza maji matamu vidole vinne juu ya maji ya chumvi ya bluu, akavuta kwa uzi ubao laini. Bluu haikutikisika. Akapigilia chini ya ubao kipande kama mkuku wa jahazi, akavuta tena: nyuma yake bluu inapanda na kushuka mawimbi, juu kumetulia tuli, na uzi umekuwa mzito mkononi. Ndivyo yanavyofanya matuta ya chini ya barafu inayosukumwa na upepo. Maji ya namna hiyo yaliikamata Fram, meli ya Nansen, mvumbuzi wa Norwei, mwaka 1893, na Ekman, mtaalamu wa bahari wa Uswidi, akaja kueleza kwa nini. Mwalimu akaongeza, sawasawa kabisa, kwamba kule kaskazini barafu haifuati upepo, inakwenda kuliani kwake nyuzi 20 hadi 40.

Kwa hilo nampa tatu. Nne, lau angemtaka radhi yule bi. Hakumtaka. Basi nakata moja: mbili.