Nguo ya usaili kwenye jumba la sanaa: ya kununua kwanza na ya kuacha dukani

Niliwahi kwenda kwenye usaili wa jumba la sanaa nimevaa nyeusi juu mpaka chini, najiona nimepatia. Suruali nilikuwa nimeinunua mwezi mmoja, koti mwezi mwingine, duka jingine. Mbele ya kioo cha chumbani vilikuwa rangi moja. Nilipoketi chini ya taa za ukumbi, koti likawa la kahawia. Mama aliyekuwa akinisaili alitazama begani kwangu, akashuka na macho hadi gotini, akarudi kwenye karatasi zake. Kazi sikuipata. Sisemi ni kwa sababu ya koti, ila tangu siku hiyo sinunui tena nguo ya usaili kwa mtindo ule.

Taa za maonyesho huchaguliwa ili rangi ya mchoro ionekane ilivyo. Kwa kipimo cha uhalisia wa rangi kinachoishia 100, nyingi ziko 90 na zaidi. Taa ya dukani hukusetiri, hizi zinakuanika. Weusi uliopauka, nyuzi za taulo, alama ya pasi, vyote vinajitokeza. Na anayekutazama ni mtu anayelipwa kutazama. Kwa hiyo pesa yako iende kwenye kitambaa na mkao, si kwenye mbwembwe. Nimepanga kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

1. Koti na suruali (au sketi) za jora moja, rangi iliyoiva, bila tai. Nyeusi, bluu ya usiku au kijivu cha mkaa. Neno la kushika hapo ni jora: nunua vyote siku moja, au mpe fundi kitambaa kimoja akushonee. Ukilazimika kuchanganya, tofauti ionekane wazi, koti la bluu na suruali ya kijivu, isionekane kama ulikosea. Kabla ya kulipa toka navyo mlangoni, uvitazame kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji atanuna kidogo, mwache anune.

Kitambaa bora ni sufu nyepesi. Kikunje kwenye kiganja, ukibane, hesabu hadi kumi, kisha uachie. Sufu nzuri hujinyoosha mbele ya macho yako. Kitani hubaki na mikunjo, na ukishakaa kwenye gari nusu saa umekwisha. Polista haikunjiki, lakini hunasa kila unyuzi unaopita, na ikipigwa pasi ya moto sana mishono inaanza kung'aa. Kama mfuko hauruhusu sufu mpya, tafuta ya mtumba. Humo hupatikana makoti yaliyoshonwa vizuri kuliko mengi mapya, alimradi ukague kwapa, kola na bitana.

Mkao uanzie begani. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Mikono mirefu, kiuno kipana, pindo la suruali, hayo fundi anayamaliza siku moja. Bega likikosewa liache dukani, kulirekebisha ni kama kushona koti upya.

Ndani vaa shati au blauzi isiyo na maandishi, au sweta jembamba la shingo ya juu. Nyeupe ni nzuri ikiwa nyeupe kweli. Ukutani kwao pia pameshapakwa nyeupe, na shati lililoanza umanjano litalinganishwa hapo hapo.

2. Gauni la rangi moja lenye umbo. Kwa mwanamke anayeomba kazi ya mapokezi, mauzo au kuratibu maonyesho, hili linakaribiana sana na namba moja, tena ni nguo moja tu ya kutafuta. Likae mbali kidogo na mwili, liwe na mifuko. Kwenye chumba cha kujaribia usisimame tu: keti, inama kama unayesoma kibao cha maelezo kando ya mchoro, nyanyua mkono. Kikipanda kitu kisichotakiwa kupanda, rudisha.

3. Jaketi ya kazi ya bluu. Ile ya pamba nzito yenye mifuko ya kubandika, iliyoanzia kwa vibarua wa Ufaransa. Bill Cunningham, mpigapicha wa mitindo wa New York aliyefariki mwaka 2016, aliivaa miaka mingi hadi ikawa alama yake, na watu wa sanaa wanaipenda. Naiweka ya tatu kwa kazi za ofisini. Kwa anayeomba ufundi wa kutundika na kufungasha kazi za sanaa, ni ya kwanza, kwani huko suti huleta swali kama unajua kushika nyundo.

4. Suti kamili na tai. Inafaa penye minada, au panapouzwa michoro ya karne zilizopita kwa wateja wa suti. Kwingineko utafanana na mkaguzi wa hesabu.

5. Nguo ya "kisanii". Fulana yenye mchoro maarufu kifuani, skafu ya rangi saba, miwani isiyo na kazi. Usinunue. Ukutani pana kazi ya mtu, na wewe umeenda kuihudumia, si kushindana nayo.

Viatu nimeviacha pembeni kwa sababu vinaharibu hata namba moja. Sakafu za kumbi hizi mara nyingi ni zege iliyosuguliwa au mbao, kuta tupu, mwangwi mtupu. Kisigino kigumu kinagonga kama nyundo, na usaili mara nyingi huishia kwa kuzungushwa kwenye maonyesho. Chukua soli ya mpira. Viatu vya ngozi vya kamba vinatosha. Raba nyeupe isiyo na nembo kubwa inapita kwenye majumba ya sanaa ya kisasa, ila iwe mpya au ifanane na mpya.

Pete kubwa, bangili na bizimu la mkanda viwe vichache. Wanaoshika kazi za sanaa huvivua kwa sababu vinakwaruza, na mtu anayekutembeza stoo ataviona mapema kuliko unavyodhani. Begi liwe dogo. La mgongoni kwenye makumbusho mengi utaambiwa uliache mlangoni au ulivae mbele. Humo tia penseli, kwani kumbi nyingi hazitaki kalamu ya wino karibu na kazi, na mgeni anayetoa penseli bila kuambiwa hutazamwa kwa jicho jingine.

Kabla ya kununua chochote, pita pale siku ya kawaida kama mtazamaji. Angalia aliyekaa mapokezi kavaa nini, kisha wewe panda ngazi moja tu juu yake.

Asubuhi ya usaili, zungushia utepe wa gundi kwenye kiganja na upapase koti lote, hasa mgongoni. Kama mnafuga paka, koti livalie nje.