Tripodi nyepesi ya bei rahisi kwa picha za mistari ya taa: uzoefu wangu

Ni tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) ya aluminiamu isiyo na jina la maana, ya aina inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu mjini. Mimi naitumia kwa kazi moja: kupiga picha za barabara usiku, shata (kilango cha kamera kinachoingiza mwanga) ikiachwa wazi mpaka taa za magari zigeuke mistari. Kazi hiyo inaiweza, ila inategemea umeisimamisha wapi.

Inapendeza zaidi Moi Avenue ya Mombasa, upande wa Uhuru Gardens. Nafika baada ya Magharibi, kabla Isha haijaadhiniwa, maana mbingu bado ina buluu na Pembe za Ndovu zilizojengwa juu ya barabara zinaonekana umbo lake. Naweka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata sekunde 15. Kamera inajipiga yenyewe baada ya sekunde 2 ili mkono wangu usiitikise. Kizuia mtikisiko cha lenzi nakizima. Juu ya tripodi chaweza kuharibu picha badala ya kuisaidia.

Magari yanayokuja huacha mistari myeupe, yanayokwenda huacha myekundu. Utamu uko kwa matatu zilizopambwa, zikipita na zambarau na kijani juu kabisa. Usishangae mistari mingine ikitoka nukta nukta: taa nyingi za LED huwaka na kuzima upesi mno kwa jicho, lakini kamera inaona. Boda asiyewasha taa hatokei kabisa, na hapo polisi wa trafiki wasingefaidika na picha zangu.

Jiandae pia kuulizwa. Mzee mmoja wa kahawa aliniangalia weee, kisha: "Mwanangu, mwapima barabara? Mwaja kutubomolea?"

Sasa kasoro. Nguzo ya katikati usiipandishe, hapo ndipo inapoyumba. Msimu wa kusi upepo huisumbua, kwa hiyo nautundika mkoba kwenye ndoana ya chini, nikiuacha uguse ardhi usije ukabembea. Kichwa chake ni cha plastiki: ukifunga lenzi nzito, kamera inainama polepole wakati shata iko wazi, nawe hujui mpaka uone picha. Skrubu nazo hushika kutu kwa hewa ya chumvi. Zipanguse kila urudipo nyumbani.

Daraja la Nyali ni kesi nyingine. Lori likipita daraja lenyewe linatetemeka, na hapo hata tripodi ya bei kali haitakuokoa. Nenda ukasimame nje ya daraja, kwenye ardhi, uyapige picha magari yakilipanda.

Kwa kamera ndogo, au simu yenye kishikizo chake, ichukue. Mwenye lenzi ndefu aongeze pesa anunue yenye kichwa cha chuma.