Uzoefu wangu wa sherehe na mashindano ya Lamu: fuata maji kabla ya kufuata ratiba

Nyota nne kati ya tano. Ninazungumzia mambo mawili makubwa ya mwaka pale Amu, yaani Lamu: Maulidi ya Mfungo Sita (mwezi wa Rabiul-Awwal) na Tamasha la Utamaduni la mwezi wa Novemba. Yote mawili yana mbio za punda, mashindano ya vyombo vya tanga, kuogelea na bao. Kuangalia ni bure, na bado sijaona mahali pengine pwani hii ambapo mashindano yanachezwa na watu wa kazi ile ile: mpanda punda ni mbeba mchanga na mawe ya ujenzi, na nahodha ni mvuvi au mchukuzi. Nyota moja naiondoa kwa sababu ya saa. Ratiba iliyobandikwa ukutani ikisema saa tatu, wewe soma "baada ya saa tatu", kisha tazama bahari.

Bahari ndiyo inayoamua. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji Lamu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa kwenye saa nne. Siku za maji mafu, mwezi nane na mwezi ishirini na mbili hivi, ni kinyume: maji hujaa katikati ya asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana. Kila siku inayopita, saa ya kujaa inasogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukijua hesabu hii peke yake utaweza kukisia vyombo vitaanza lini, njia ya kwenda kijiji cha Shela kwa miguu itapitika lini, na boti yako itafunga gatini au itakushusha kwenye tope.

Maulidi hayo, ya Msikiti wa Riyadha, hufikia kilele Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita. Kwa hiyo siku hiyo haiwezi kuangukia mwezi mpevu. Itakuwa baina ya mwezi ishirini na tatu na thelathini. Alhamisi ikiangukia ishirini na tatu au ishirini na nne, mashindano ya baharini yatakuta maji mafu, mkondo mpole, na chombo chepesi ndicho kitakachoshinda. Ikiangukia ishirini na tisa au thelathini, ni bamvua, mkondo unakwenda mbio, na hapo nahodha mwenye akili humpita mwenye tanga kubwa. Kwa kalenda ya kawaida, Mfungo Sita hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka, basi usitumie tarehe ya mwaka jana. Tamasha la Novemba halifuati mwezi wa angani, hivyo lazima uangalie jedwali la maji kila mara. Tarehe zake pia hutangazwa kwa kuchelewa. Usikate tiketi ya ndege isiyobadilishika mpaka zithibitishwe.

Mbio za punda ndizo zinazovuta watu wengi zaidi, na ndizo watu wengi wanaziona vibaya. Zinapita ukingoni mwa bahari, mbele ya mji. Wapanda punda hawatumii tandiko. Wanakaa nyuma kabisa, juu ya nyonga za punda, miguu imening'inia. Watu huwacheka wakidhani hawajui kupanda, lakini ndivyo inavyotakiwa: mgongo wa punda katikati ni mwembamba na dhaifu kwa uzito unaorukaruka, na mtu akikaa mbele punda hainui vizuri miguu ya mbele. Punda hashindwi kwa kukosa mbio. Anashindwa kwa kukatiza. Akifika mahali watazamaji wamebana njia, anageukia uchochoro anaoujua, kwa sababu kila siku ndiko anakopeleka mzigo. Nimeona anayeongoza kwa mbali akiingia kichochoroni na mpandaji wake, na wa nne akachukua ushindi.

Mahali pa kusimama, basi. Usisimame ukingoni upande wa bahari. Ukuta ule sehemu kubwa hauna kizuizi, watu wanasukumana, na maji yakiwa yamepwa chini yake ni tope na mawe. Simama upande wa majengo, kwenye ngazi au baraza iliyoinuka. Kama unamjua mwenyeji mwenye nyumba ya ghorofa inayotazama maji, omba dirisha la juu, nenda na zawadi ndogo ya halua, na ufike saa nzima kabla. Chini, utaona punda kwa sekunde tano. Juu, unaona mbio nzima. Mtoto mdogo mbebe mabegani au mwache nyumbani, kwa sababu punda akikatiza hana breki. Na jambo moja ninalolisema kwa uzito: punda mwenye kidonda cha shogi, yaani tandiko la mzigo, au anayechechemea asishindanishwe. Hospitali ya punda ipo pale pale ukingoni tangu miaka ya 1980, na matibabu ni bure. Ukiona jeraha, mwambie mwamuzi kwa adabu kabla mbio hazijaanza. Nimeona wakisikiliza.

Mashindano ya vyombo ndiyo sababu yangu ya kurudi. Anza kuyaangalia siku mbili kabla. Maji yakipwa, mashua zinalazwa ubavu mchangani na kazi inaanza: kukwangua chaza na mwani, kuchoma ubao kwa moto wa makuti ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, kutia kalafati, yaani pamba yenye mafuta inayogongewa kwenye mianya, kisha kupaka shahamu iliyochanganywa na chokaa sehemu ya chini na sifa, yaani mafuta ya papa, sehemu ya juu. Harufu ya sifa ni kali na haitoki nguoni, kwa hiyo usiegemee chombo. Kinacholazwa asubuhi lazima kiwe tayari kabla maji hayajarudi, ndiyo maana mafundi hawana muda wa maswali wakati huo. Wasubiri wakati wa chai.

Siku yenyewe, mlango wa bahari kati ya Amu na kisiwa cha Manda ndio uwanja. Vyombo huzunguka maboya na kurudi. Kusi likivuma na maji yanajaa, mwenye kuelekea Shela ana maadui wawili, upepo na mkondo, vyote vinamkabili. Hapo utamwona nahodha hodari akikumbatia ukingo, kwa sababu mkondo pembeni ni dhaifu kuliko katikati. Akizidi kidogo, shikio, yaani usukani, linagusa mchanga na mchezo wake umekwisha. Maji yakiwa yanatoka, mkondo unamsaidia, lakini upepo na maji vinapogongana mawimbi huwa mafupi na makali, na mashua isiyo na farumi (uzito wa kuituliza) ya kutosha inaruka na kupoteza mwendo. Farumi siku hizi ni viroba vya mchanga. Kila chombo kinapogeuka, mabaharia huvihamishia upande wa upepo, na wengine wanatoka kukaa kwenye ubao uliotokezwa nje ya chombo, miguu juu ya maji.

Ukitaka kujua nani atashinda, usitazame vyombo vikienda moja kwa moja. Tazama vinapobisha, yaani vinapogeuka ili kupanda upepo. Tanga letu la pembe tatu limeshikwa na foromali ndefu, ule mti unaobeba tanga, na ili kugeuka upande wa pili lazima foromali isimamishwe karibu wima, tanga lipitishwe mbele ya mlingoti, kisha demani, kamba ya kuvutia tanga, ifungwe upya upande mwingine. Mabaharia waliozoeana wanaimaliza kazi hiyo kabla chombo hakijasimama. Wasiozoeana wanamwachia mmoja demani, inamponyoka, tanga linapigapiga kama nguo kwenye kamba, na chombo kinarudi nyuma. Hapo ndipo mbio zinapoishia kwa wengi, hata kama chombo chao ni kipya na tanga ni jeupe.

Kuangalia kutoka ukingoni kunatosha kwa mwanzo na mwisho tu. Boya la mbali hulioni. Afadhali watu sita au wanane mchange boti ya mashine, mkubaliane na mwenye boti mambo manne kabla ya kupanda: bei ya jumla na si ya kila kichwa, muda, kwamba atakaa upande ambao upepo unaelekea ili asiwakatie washindani upepo, na kwamba jaketi za kuokolea zipo kwa kila mtu. Boti ya watazamaji ikipita upande upepo unakotoka, inaharibu mbio za watu waliojiandaa mwezi mzima. Novemba ni tangambili, kusi limekwisha na kaskazi halijaanza, kwa hiyo upepo wa asubuhi unaweza kuwa haba sana. Chukua kofia, maji na subira, kwa sababu mbio husogezwa hadi upepo wa alasiri. Ukitaka mbio za upepo wa kuaminika zaidi, kuna zile za Mwaka Mpya upande wa Shela, kaskazi likiwa limeshika.

Bao halipewi heshima linalostahili na wageni. Linachezwa kivulini na watu wanapita. Kaa. Ni bao la Kiswahili hasa, mistari minne ya mashimo manane, kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa katika nyumba, shimo lake kuu, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Muda wa kunamua, yaani wa kuingiza kete za mkononi, ndio mgumu kuliko wote, na mkosaji wa kawaida ni yule anayeivunja nyumba yake mapema kwa tamaa ya kula. Simama nyuma ya mchezaji mmoja tu, usihame, na usitoe shauri hata kwa jicho. Wazee wa pale watakuondoa.

Kuhusu Maulidi yenyewe, tafadhali usiyachukulie kama sehemu ya michezo. Michezo ni ya mchana. Usiku ni ibada. Baada ya Isha, Msikiti wa Riyadha na uwanja wake hujaa. Wanafunzi wa kanzu nyeupe na kofia za vito hujipanga safu mbili zinazotazamana, wanayumba pamoja, matwari yanapigwa, kasida zinaitikiwa, na usomaji wa Maulidi unaendelea hadi usiku mwingi. Hufanyika pia ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh, mwanzilishi wa Riyadha, na msafara wa zefe unaojaza ukingo wa bahari. Wanawake wana upande wao. Mgeni wa kike avae buibui au nguo pana na mtandio, mwanamume avae kanzu, au suruali ndefu na shati la mikono. Viatu viweke kwenye mfuko na uingie nao, kwa sababu baadaye utakuta makubazi mia mbili yanayofanana. Picha za msafara kwa mbali hazina tatizo. Uso wa mtu, hasa mwanamke, omba kwanza, na ukikataliwa shusha kamera.

Ngoma za kirumbizi zinazotangulia hufanyika uwanjani, wanaume wawili wawili wakipimana kwa bakora huku zumari ikilia. Usiingie ndani ya duara. Fimbo ile inapigwa kweli.

Chakula sina malalamiko. Mkunguni, mbele ya Ngome, jioni utapata mishikaki, viazi karai na juisi ya ukwaju. Mkate wa mofa uutafute asubuhi mapema, ukichelewa umekwisha. Maji ya bomba mengi yana chumvi, nunua ya chupa.

Malazi ndiyo shida ya kweli. Wiki ya Maulidi watu huja kutoka visiwa vyote vya jirani, Mombasa, Malindi, Tanzania na Komoro, na wengi wanapokelewa majumbani na madrasani. Vyumba vya kukodi hujaa mapema na bei hupanda. Shikilia chumba miezi miwili kabla, na uliza mambo mawili: kama kuna tangi la maji juu, na kama chumba kiko juu au chini, kwa kuwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, haulali wiki hiyo. Shela ni kimya zaidi, lakini ni kilomita tatu hivi, dakika 40 kwa miguu, na bamvua ikijaa saa kumi jioni maji hufunika sehemu ya njia. Ukiwa huko, weka nauli ya boti ya kurudi usiku, ambayo ni ghali kuliko ya mchana. Pesa taslimu toa mapema. Mashine za benki ni chache na huishiwa siku za sherehe, ingawa M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali.

Ndege hushuka Manda, na ng'ambo ni dakika chache kwa boti. Basi huishia Mokowe, upande wa bara, halafu ni boti tena. Unaporudi, mabasi mengi ya Mombasa huondoka Mokowe asubuhi. Kama maji yatakuwa yamepwa saa hizo, nenda gatini nusu saa mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu boti zitakuwa chini sana ya ngazi, ngazi za mwisho zina ukoga wa kuteleza, na kila mtu mwenye mzigo anashuka pole pole mmoja mmoja.