Kibanda cha mbaazi nyuma ya Soko Kuu, Mtwara: nilimpeleka mtoto asiyekula mboga

Kibanda chenyewe hakina jina. Kina turubai la bluu lililopauka, mabenchi mawili, meza ambayo mguu wake mmoja umefungwa kamba, na bibi anayewasha mkaa kabla ya adhana ya alfajiri. Ukifika nyuma ya Soko Kuu uliza "kwa bibi wa mbaazi", hata wapiga debe watakuonyesha.

Mimi ni dereva wa bajaji, vibanda vya chakula vya mji huu navijua kama ninavyoyajua mashimo ya barabara. Hiki lakini sikukifuata kwa njaa yangu. Nilikifuata kwa ajili ya binti yangu wa miaka saba, ambaye tangu Idi ya kuchinja iliyopita hali nyama. Tulinunua mbuzi wiki tatu kabla, tukamfunga uani, na mtoto ndiye akawa anampelekea majani. Mwenye watoto anajua ilivyoishia. Nyama akaiacha siku ile ile, kuku akafuata. Samaki ilichukua kama mwezi, maana huku samaki ndiyo chakula na feri ya Msangamkuu haiko mbali, lakini siku moja alitazamana na changu jicho kwa jicho, akaisukuma sahani hadi katikati ya mkeka.

Sasa kwa Kiswahili chetu mboga ni chochote kinachoteremsha ugali. Nyama ni mboga, dagaa ni mboga, mchicha ni mboga. Wangu amezigomea zote, kwa sababu hata za majani hazitaki: mchicha hapana, matembele hapana, bamia anazikimbia, mlenda ndiyo usiutaje. Jirani aliniuliza, "Huyu mtoto mboga yake nini?" Nikakosa la kumjibu. Alikuwa anakula ugali kwa ugali.

Mama yake anafundisha huko Tandahimba, anarudi mwisho wa wiki. Kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa mpishi ni mimi, na upishi wangu unajulikana. Tukaanza kuzunguka. Mgahawa mmoja wenye menyu ya plastiki, nilipowaambia mtoto hali nyama wala samaki, walituletea chipsi na kachumbari, bei ile ile ya sahani yenye kuku. Mahali pengine niliapiwa kwamba maharage hayana kitu, mtoto akakuta kichwa cha dagaa. Alikitoa mdomoni taratibu, akakiweka juu ya meza, akakigeuza kimtazame. Baada ya hapo hata maharage ya nyumbani alikuwa anayapekua na kijiko kwanza.

Ndipo abiria mmoja akaniambia kuhusu bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo tunakula nini mimi na wewe?"

Mtoto akanitazama mimi. Nikaanza kueleza, hali hiki, hali kile, bibi akaninyamazisha kwa mkono. "Sijakuuliza wewe, baba. Wewe kaa hapo unywe chai."

Alimpa chapati moja na bakuli dogo la mbaazi za nazi. Hizi mbaazi niziseme vizuri, kwa sababu ndizo zinazokiletea kibanda hiki watu. Bibi huziloweka usiku kucha, akazichemsha bila magadi. Wengi hutia magadi ili ziive haraka na kuokoa mkaa, matokeo yake zinavurugika na kuwa uji wa kijivu. Za kwake zinabaki punje punje, ukiibana inapasuka, ndani laini. Tui jepesi linaingia mapema pamoja na kitunguu na bizari, tui zito mwishoni kabisa, na hapo hafuniki wala haachi kukoroga mpaka lichemke mara moja, maana tui likikatika anasema ni heri angepikia maji. Pilipili mbuzi inaelea nzima juu, haijapasuliwa, inatoa harufu tu. Pembeni anakuwekea kipande cha ndimu.

Mtoto alimaliza. Akaongezwa, akamaliza tena. Mimi nilikuwa natazama bakuli, bibi alikuwa anatazama ukingo wa sahani. Pale mtoto alikuwa amepanga maganda ya nyanya, moja moja, kama anaanika dagaa.

"Karoti mbichi anakula?" bibi akaniuliza.

"Anakula."

"Tango?"

"Analipenda. Na embe mbichi kwa chumvi."

"Basi ntoto huyu hachukii mboga. Anachukia kinachoteleza."

Miezi yote ile ninapika, ninabembeleza, ninatishia, sikuwahi kuliona hilo. Mchicha wangu ulikuwa ukielea kwenye maji, bamia ni bamia, na nyanya zangu zilikuwa zinaacha yale maganda yanayojinata kwenye ulimi. Hata mimi nikifikiria vizuri, mchicha wangu ulikuwa unateleza.

Wiki iliyofuata bibi alimpikia kisamvu. Nilicheka kimoyomoyo. Lakini kisamvu chake si kile cha rojorojo. Kimetwangwa kikalainika, kikachemshwa muda mrefu (kisamvu hakina mkato, majani ya muhogo yana sumu isiyotoka mpaka utwange na uchemshe vya kutosha), kisha kikakaushwa juu ya moto mdogo na korosho zilizopondwa badala ya nazi. Anatumia vipande, zile zinazovunjika wakati wa kubangua, kwa sababu nzima ni za wenye pesa na za kupeleka nje. Kinakuwa kikavu, kina chembechembe, ukikifinyanga na ugali kinashikana. Mtoto alikula matonge manne. Nilihesabu. La tano alilirudisha, na bibi hakumsemesha chochote, aliitoa sahani akaenda zake. Hilo nalo mimi lilinishinda nyumbani, nilikuwa nikiona tonge limebaki lazima nihutubie.

Nilimuuliza bibi alianzaje biashara. Alikuwa mkulima wa mbaazi. Mwaka 2017 India, ambao ndio wanunuzi wetu wakubwa, waliweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje, na bei huku ikaanguka vibaya. "Magunia yalilala ndani na mimi nikalala juu yake," anasema. Akaona kama hazinunuliki kavu atauza zilizopikwa. Bei za mbaazi zilikuja kupanda tena, yeye hakurudi shambani.

Bei zake: chapati mia tano, bakuli la mbaazi elfu moja, bagia za kunde mia moja moja, kisamvu mia tano. Mimi na mtoto tukila tukashiba tunalipa elfu tatu na kitu kidogo. Bagia ziwahi, zikipoa zinakuwa mawe.

Nyota nampa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mwiko. Jumamosi bibi huwa na pweza wa nazi kwa ajili ya wavuvi, na mwiko ulikuwa mmoja kwa sufuria zote. Mtoto alinusa tu, akaweka kijiko chini. Nilipomweleza bibi kwa adabu, hakukasirika. Alinunua mwiko wa pili akaufunga uzi mwekundu, ule wa mbaazi, na sasa kwake mwiko ndio mwiko. Tatizo ni kijana anayemsaidia, yeye uzi haumhusu. Jumamosi nenda bibi akiwepo mwenyewe, vinginevyo usiende. Sabuni ya kunawia nayo kuna siku ipo, kuna siku ni maji matupu, na mvua ikinyesha usikae benchi la upande wa barabarani.

Jambo moja kwa mzazi mwenye mtoto kama wangu. Muuguzi wa kliniki aliniambia mbaazi na korosho zinajenga mwili vizuri, na ile ndimu si pambo, inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi, ila chai nimpe baadaye sana, si pamoja na chakula. Lakini vitamini B12 haimo kwenye mbaazi wala majani, kwa hiyo mayai na maziwa nisimkatie. Bahati nzuri yai bado hajalitazama akaliona lina jicho.

Bibi anaanza kuuza saa kumi na mbili asubuhi, na saa tano sufuria zimekwisha. Ukitaka kubeba nenda na bakuli lako, mbaazi za moto hatii kwenye mfuko wa nailoni. Ijumaa hafungui. Siku hiyo tunakaanga mayai, na nyanya namenya maganda.