Losheni ya kupimiwa pale Makoroboi, Mwanza: imeoza kabla haijafika nusu

Muuzaji mwenyewe anaichanganya nyuma ya pazia, anakumiminia kwenye chupa huku anaisifia: ya asili tupu, haina dawa yoyote. Mwanzoni nilimpigia debe hadi kwa wifi yangu. Ngozi laini, mchaichai unanukia.

Haijafika nusu, mafuta yakapanda juu, maji yakabaki chini, mdomo wa chupa ukaota vidoti vyeusi. Ukifungua, ni harufu ya dagaa walionyeshewa na mvua kwenye mwalo wa samaki.

Nikairudisha. Hata kuishika hakutaka. "Dada, itikise kwanza." Nikamwonyesha ule ukungu, nikamuuliza anatumia maji gani. "Ya bomba, yanatoka ziwani, hayohayo unayooga. Kwani ngozi yako ya Ulaya?" Wateja wakacheka. Nilitamani nimmiminie mezani.

Jamani, maji yenyewe sina ugomvi nayo. Geuza losheni ya kiwandani usome nyuma: karibu zote zinaanza na "Aqua", na orodha ile hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Maji ndiyo yanayoyeyusha glisirini, ndiyo yanayofanya losheni isambae vizuri mwilini. Ila penye maji, bakteria na ukungu nao hustawi. Kwa hiyo viwandani wanatumia maji yaliyoondolewa madini, wanaweka kitu cha kuyashikanisha na mafuta yasitengane, kisha kihifadhi, mfano fenoksiethanoli, ambayo Ulaya (hiyo hiyo aliyonitukania) hairuhusiwi kuzidi asilimia 1. Kidogo hivyo tu! Hiyo "dawa" anayojisifu kwamba haweki ndiyo ingeokoa hela yangu, ambayo mpaka leo hajarudisha.

Ila tusimwonee. Siagi ya shea niliyonunua kwake siku ileile haina tone la maji, na bado iko salama kabisa. Naipaka nikitoka kuoga, ngozi ikiwa na unyevunyevu, ili ule unyevu usikauke haraka. Magaga ya miguuni yamepungua. Kwa shea, nendeni.

Au hapana, shea inauzwa maduka mengi tu mjini, tena kwa watu wenye adabu. Nilitaka kumpa nyota mbili. Nikikumbuka wale watu walivyocheka, na yeye anacheka nao, abaki na moja.