Kunyamazisha maonyo ya Valgrind: "yes" au "all"?

Valgrind, zana inayoendesha programu yako ili kutafuta makosa ya kumbukumbu, yenyewe hukunja maonyo yanayojirudia: ikiona hitilafu mbili za aina moja zina mistari minne ya juu inayofanana kwenye orodha ya miito ya funksheni, inazihesabu kama moja. Hata hivyo, maktaba moja usiyoimiliki inaweza kukujazia skrini kabla hujafika kwenye kodi yako. Hapo ndipo unahitaji faili la kunyamazisha, yaani faili la kanuni zinazoiambia Valgrind ni hitilafu zipi isizionyeshe, na kuna njia mbili za kulipata.

Ukiweka `--gen-suppressions=yes`, programu husimama kwenye kila hitilafu na kukuuliza kama uandikiwe kanuni yake. Ni polepole, lakini unalazimika kusoma kabla ya kunyamazisha. Shida yake: majibu yako yanasomwa kupitia ingizo la kawaida, kwa hiyo programu inayosoma kibodi itagombana nayo, isipokuwa utumie `--input-fd`.

`--gen-suppressions=all` haiulizi kitu. Inamwaga kanuni zote, wewe unazinakili. Kwenye seva ya majaribio, ambako hakuna mtu wa kujibu, ndiyo pekee inayofaa. Ila ni rahisi mno kubandika kila kitu, pamoja na kosa lako mwenyewe. Kanuni kama hii:

```
{
   maktaba_ya_picha
   Memcheck:Cond
   ...
   obj:*libpicha.so*
}
```

itafunika kila hitilafu ya aina ya `Cond` (uamuzi unaotegemea thamani ambayo haijawekwa) inayopita humo, kwa sababu zile nukta tatu hukubali fremu zozote, yaani mistari yoyote ya orodha ya miito.

Mimi huanza na `all`, kisha nafuta nusu yake na kubana majina. Bendera ya `-s` huonyesha mwishoni ni kanuni zipi zilitumika; zisizotokea huko zitupe.